Tairi la Lami na Tope

Matairi ya kwanza ya magari yalitoka kiwandani yakiwa kipara. John Boyd Dunlop aliposajili tairi lake la upepo mwaka 1888, shabaha yake ilikuwa kupunguza mtikisiko wa baiskeli. Hata ndugu wawili wa Michelin walipofunga matairi ya upepo kwenye gari la mashindano ya Paris na Bordeaux mwaka 1895, kilichowasumbua zaidi ni pancha. Kuserereka kukawa tishio magari yalipoongeza mwendo. Continental ya Ujerumani ilitoa tairi lenye michoro mwaka 1904, na mwaka 1908 Harvey Firestone wa Akron, Ohio, akachonga juu ya mpira maneno ya Kiingereza yanayoahidi kwamba tairi halitelezi. Herufi zenyewe ndizo zilizokuwa kashata, yaani meno ya tairi. Kingo zake ziliuma barabara, na gari lilipopita kwenye vumbi liliacha tangazo nyuma yake.

Baada ya hapo njia zikagawanyika. Lami ilitaka mpira mwingi uiguse, na mifereji myembamba ya kutoa maji. Shamba lilitaka kashata nene zilizoachana, zizame kwenye udongo, kisha gurudumu likizunguka liteme tope. Jeep za Vita Kuu ya Pili zilitembelea kashata za mkingamo zilizopangwa hivi kwamba gari livute sawasawa likienda mbele au likirudi nyuma. Kwenye tope zilifaa. Kwenye lami zilinguruma na kuisha upesi.

Ni rahisi kudhani kwamba kilichokosekana ni mchoro mzuri zaidi. Mimi naona kizuizi kilikuwa chini ya mchoro, ndani ya tairi lenyewe. Tairi la zamani lilijengwa kwa tabaka za nyuzi zilizopishana kimshazari, kwa hiyo ubavu ulipojikunja chini ya mzigo, uso nao ulijipinda. Kashata ndefu zilisuguana na lami, zikapata joto, zikaliwa. Mwaka 1946 Michelin ilisajili tairi la radiali, na mwaka 1949 likaingia sokoni. Ndani yake nyuzi hukatiza moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu, na juu yake kuna mikanda ya waya za chuma. Ubavu ukapata uhuru wa kujikunja huku uso ukibaki umelala bapa barabarani.

Faida hiyo ilichelewa sana kufika kwenye kashata nene. Mwaka 1976 BFGoodrich, kampuni iliyozaliwa Akron pia, ilitoa Radial All-Terrain T/A, tairi la kwanza la radiali lililotengenezwa kwa ajili ya lami na njia mbovu kwa pamoja. Matairi ya aina hii hupanga kashata ziingiliane kama meno ya zipu, moja ikitaka kujikunja jirani yake huishikilia. Ukubwa wake hutofautishwa makusudi, kwa sababu kashata zinazolingana hugonga lami kwa mpigo mmoja na kutoa mvumo unaochosha. Juu yake huchanjwa mikato myembamba, ambayo John Sipe aliipatia hataza Marekani mwaka 1923, na mikato hiyo huongeza kingo za kuuma barabara iliyolowa.

Dereva wa watalii anayetoka Arusha kwenda Serengeti anaielewa thamani ya kazi hiyo: ni lami hadi lango la Ngorongoro, kisha changarawe, mawe na vumbi, na tairi ni lilelile. Masika yakishika, mambo hubadilika. Udongo mweusi wa mbuga hujaa katikati ya kashata na kugoma kutoka, na tairi la njia zote huzunguka mahali pamoja kama lile la mwaka 1895. Nafasi kati ya kashata zake ni finyu mno kwa tope la namna hiyo, na zikipanuliwa, lami ndiyo inayopoteza. BFGoodrich yenyewe ililikubali hilo: miaka michache baada ya 1976 ilileta Mud-Terrain, tairi la pili lenye kashata zilizoachana zaidi, kwa ajili ya wanaoishi na tope.