Georges Duby

Georges Duby (7 Oktoba 1919 – 3 Desemba 1996) alikuwa mwanahistoria wa Ufaransa, bingwa wa Zama za Kati. Anajulikana hasa kwa namna alivyotumia nyaraka za wamonaki kueleza kuinuka kwa makabaila.

Maisha

Alizaliwa Paris. Alifundisha Aix-en-Provence, kisha Collège de France (1970–1991). Alichaguliwa katika Académie française mwaka 1987.

Nyaraka za Cluny

Umaarufu wake ulitokana na tasnifu nene kuhusu wilaya ya Mâcon, kusini mwa Bourgogne, iliyochapishwa mwaka 1953. Wilaya yenyewe ni ya kawaida tu, ila ina abasia ya Cluny, iliyoanzishwa mwaka 910, na wamonaki wake walikuwa watunzaji hodari wa hati: mashamba waliyopewa sadaka, ardhi waliyobadilishana, madai ya warithi waliotaka kurudishiwa alichotoa babu. Hati hizo, zaidi ya 5,000, zilikwisha kuchapishwa katika majuzuu 6 kati ya 1876 na 1903. Duby hakuzigundua, alizisoma upya kwa subira ya ajabu, akifuatilia koo, mipaka ya mashamba na majina ya mashahidi.

Alichokiona ni kwamba kati ya mwaka 980 na 1030 hivi, baraza la mkuu wa wilaya, aliyehukumu kwa niaba ya mfalme, lilipoteza nguvu. Wenye ngome waliacha kuhudhuria, na kila mmoja akawahukumu na kuwatoza ushuru wakulima waliomzunguka.

Pingamizi

Mwanahistoria Dominique Barthélemy alihoji, katika miaka ya 1990, kama kilichobadilika ni jamii au ni uandishi. Karibu na mwaka 1000 wamonaki waliacha kanuni za zamani za kuandika hati, wakaanza kusimulia ugomvi kwa kirefu. Huenda basi ukatili wa makabaila haukuongezeka, bali ulianza kuandikwa. Hoja ni nzito, kwa kuwa kabaila mwenyewe hakuacha maandishi, na kesi imetufikia kwa maelezo ya mdai mmoja.

Kazi nyingine

Aliandika pia juu ya vita vya Bouvines vya 1214 (1973), na juu ya maaskofu wa Laon na Cambrai walioigawa jamii katika wanaosali, wanaopigana na wanaolima (1978). Kitabu chake cha makanisa makuu (1976) kilifanywa kipindi cha televisheni. Vingi vimetafsiriwa kwa Kiingereza.