Inchi tatu zinazopotea majini: historia fupi ya jinzi mbichi

Leo tuache kidogo mambo ya seva na hifadhidata, tuzungumzie suruali. Msicheke. Jinzi ni teknolojia kama teknolojia nyingine: ina hataza, ina matoleo, ina mashine zake, na ina hitilafu moja ya zamani iliyowasumbua watu miaka mingi kabla haijarekebishwa. Ajabu ni kwamba leo kuna watu wanaolipa pesa zaidi ili waipate hitilafu hiyo hiyo.

Jinzi mbichi, yaani zile ambazo hazijafuliwa tangu kitambaa kitoke kiwandani, siku hizi unaziona hapa Nairobi. Nyingine zinaagizwa mtandaoni, nyingine zinaletwa na jamaa walioko ng'ambo. Si nguo za bei rahisi, na swali ninaloulizwa ni moja: nichukue saizi gani, na fundi aikate wapi? Jibu limo katika historia, kwa hiyo tuanzie huko.

Jacob Davis alikuwa fundi wa nguo katika mji wa Reno, Nevada. Wateja wake walikuwa watu wa kazi ngumu na mifuko yao ilikuwa ikichanika. Akaanza kukaza pembe za mifuko kwa ribiti za shaba. Tarehe 20 Mei 1873, yeye na mfanyabiashara wa San Francisco, Levi Strauss, walipata hataza namba 139,121. Sasa angalia vizuri: hataza ile ilitatua tatizo la kuchanika tu. Tatizo la pili, kwamba kitambaa chenyewe kilirudi kikikutana na maji, lilibaki palepale.

Kwa nini kirudi? Wakati wa kufuma, nyuzi za mtande, zile zinazokwenda kwa urefu, huvutwa zikakaza kama nyuzi za gitaa. Hupakwa pia wanga ili zisikatike mashinini. Kitambaa kikitoka hapo bado kimevutika. Siku kinapoingia majini mara ya kwanza, wanga unatoka, nyuzi zinavimba na ule mvuto unaachia. Na kwa kuwa suruali hukatwa mtande ukifuata mguu, urefu ndio unaopungua zaidi. Upana hupungua pia, lakini ukiivaa siku chache hulegea tena.

Tupige hesabu. Denimu ambayo haijatibiwa inaweza kurudi kwa asilimia 7 hadi 10. Chukua suruali yenye urefu wa ndani wa inchi 34, ondoa asilimia 8: unapoteza inchi 2.72. Karibu inchi 3 zimeenda na maji! Suruali iliyofika kwenye kiatu sasa inaonyesha soksi.

Namba 501, ambayo Levi Strauss & Co. ilianza kuitumia mnamo 1890, ilikuwa suruali ya namna hiyo kwa miongo mingi. Mnunuzi alitakiwa aongeze inchi 1 au zaidi kiunoni na kama inchi 3 kwenye urefu, halafu aiache irudi hadi imkae. Kwa lugha yetu watu wa programu, kiwanda kilimwachia mtumiaji kazi ya kumalizia. Wapo walioivaa wakaketi ndani ya maji, kisha wakaiacha ikauke mwilini. Na ule mkunjo mpana wa chini unaouona katika picha za Wamarekani wa miaka ya 1940 na 1950 haukuwa urembo peke yake. Ulikuwa akiba ya kitambaa.

Dawa ilipatikana kwa watu wa mashati. Sanford Cluett, wa kampuni ya Cluett, Peabody & Co. ya Troy, New York, alipata hataza ya mtambo wake mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kitambaa chenye unyevu hupitishwa juu ya blanketi nene linalonyooka kwenye rola kisha likajikusanya, nalo linakikusanya kitambaa pamoja nalo. Yaani kitambaa kinarudishwa kiwandani kabla hakijakatwa, na kinachobaki kurudi nyumbani ni kama asilimia 1 tu. Mchakato huo uliitwa kwa jina lake la kwanza, Sanforized. Levi's yenyewe ilitoa 505, jinzi iliyokwisha kurudishwa, mwaka 1967. Baadaye viwanda vikazidi: vikaanza kuuza jinzi zilizofuliwa na kupaushwa tayari.

Sisi huku tulilikwepa tatizo hili kwa njia nyingine kabisa: mitumba. Jinzi ya Gikomba imeshafuliwa mara nyingi na mwenyewe wa kwanza. Ilichokuwa nacho cha kupoteza imeshapoteza. Unaipima kiunoni, fundi anaikata, mambo yamekwisha. Ndiyo maana mtu aliyekulia kwenye mitumba anaweza kuinunua jinzi mbichi na kuipeleka kwa fundi siku hiyo hiyo, bila kujua anakaribia kupoteza pesa zake.

Waliofufua ubichi ni Wajapani. Mwaka 1973 kiwanda cha Kurabo kilitoa denimu iliyoitwa KD-8, ikatumiwa na Big John ya Kojima, Okayama. Kisha zikaja kampuni za Osaka kama Studio D'Artisan, 1979, na Evisu, 1991, zilizochunguza jinzi kuukuu za Marekani na kuziiga hadi kwenye ukingo wa kitambaa. Marekani kwenyewe, kiwanda cha White Oak cha Greensboro, North Carolina, kilichoanza 1905, kilifungwa mwishoni mwa 2017. Mwanafunzi akabaki na ufundi ambao mwalimu ameuacha.

Hata upindo una historia. Wapenzi wa jinzi wanaitafuta mashine ya Union Special 43200G, ambayo uundaji wake ulikoma 1989. Inashona mshono wa mnyororo, na inavuta tabaka za upindo bila usawa, hivyo baada ya kufuliwa upindo unajisokota kama kamba na kupauka kwa mistari ya mshazari. Cherehani ya kawaida ya mtaani hushona mshono mwingine, wa uzi wa juu na wa bobini. Hautatoa ile kamba, lakini ni imara na hauchomoki ovyo. Usimdharau fundi wako kwa sababu hiyo.

Ninayemwendea mimi huuliza swali moja kabla ya kushika mkasi: "Kaka, hii imeshaona maji?" Swali hilo linatosha. Basi ukitaka kufuata njia yake, fanya hivi:

1. Soma lebo au muulize muuzaji kama kitambaa kimetibiwa. Ikiwa hakijatibiwa, ongeza urefu wa inchi 3 na kiuno cha inchi 1 au zaidi.

2. Chagua kwa kuangalia mapaja na nafasi kati ya msamba na kiuno. Kiuno kikiwa kikubwa fundi atakipunguza, lakini paja likibana hana kitambaa cha kuongeza.

3. Iloweke na uianike kabla ya kukata. Mguu wa jinzi huweza pia kujipinda ukifuliwa, na upindo ulioshonwa mapema utakaa upande.

4. Ivae wiki moja au mbili ukiwa umeikunja chini. Mikunjo ya nyuma ya magoti huupandisha mguu kidogo.

5. Pima ukiwa umesimama, na viatu utakavyovaa, kisha umwombe fundi akuachie kitambaa ndani ya upindo.

Programu ukiiharibu unarudisha toleo la jana. Kitambaa kilichokwisha kukatwa hakina toleo la jana. Kwa hiyo maji kwanza, mkasi baadaye.