Okapi ya Papa: Kisu, Mpini na Jina Lililotoka Msituni

Papa alivuka Ziwa Albert akiwa na vitu vitatu mfukoni: kadi ya uchaguzi, ufunguo wa nyumba iliyokwisha kuchomwa, na kisu chake cha kukunja. Viwili vya kwanza havina kazi hapa Kyangwali. Cha tatu kimefanya kazi kila siku: kukata kamba za hema, kumenya mihogo, kuchonga miti ya kibanda. Nyumbani hatukukiita kisu, tulikiita okapi. Sokoni Komanda ukisema "nipe okapi," hakuna muuzaji aliyedhani unataka mnyama.

Wengi wenu mnakijua. Mpini wa mbao ya kahawia uliopinda kidogo, na ubavuni kuna miezi na nyota ndogo za bati. Mgongoni kuna springi yenye pete. Ukifungua bapa, linalia kra-kra-kra mpaka lishike. Ukitaka kulifunga, unavuta pete.

Mwaka jana kisu hicho kilimfungia Papa vidoleni. Alikuwa anapasua fito, akasokota bapa kwa nguvu kulichomoa, mpini ukapasuka, springi ikaachia, bapa likarudi. Alishonwa, na kidole cha shahada mpaka leo hakikunji. Jirani aliyekuja kumpa pole akasema visu vya siku hizi ni feki. Papa akakataa.

"Bapa iko muzima, angalia. Mupini njo ulikufa."

Maneno hayo yaliniingia. Nikaanza kuuliza mafundi na kusoma kwenye simu usiku, bando likiisha nasubiri wiki nyingine. Nilichokipata ndicho hiki.

Kisu cha jikoni kina mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Ukikandamiza, nguvu inagawanyika kwenye mkia wote. Kisu cha kukunja hakina mkia huo. Bapa lake linashikwa na pini moja, nene kama msumari. Tena, ili bapa lipate mahali pa kulala, lazima mpini uchimbwe mfereji. Yaani unaondoa mbao palepale unapoihitaji. Zinabaki kuta mbili nyembamba. Mbao hupasuka kufuata nyuzi zake, kila mpasua kuni anajua hilo. Ukikandamiza bapa chini, kuta zinavumilia. Ukilisokota upande, kitako chake kinakuwa kabari, kinazitanua kuta kama shoka kwenye gogo. Na springi imepigiliwa kwenye kuta hizohizo. Zikiachana, hakuna tena cha kulizuia bapa.

Mafundi wa nchi nyingine walilijua tatizo hili zamani. Mwaka 1890, huko Savoie nchini Ufaransa, Joseph Opinel alianza kutengeneza kisu cha wakulima chenye mpini wa kipande kimoja cha mbao. Shingoni pakawekwa pete ya chuma, na pini inapita kwenye pete na mbao kwa pamoja, kwa hiyo kuta haziachani kirahisi. Mwaka 1955 ikaongezwa pete nyingine inayozunguka, kuzuia bapa lisirudi. Kile kisu chekundu cha Uswisi ambacho baadhi ya wafanyakazi wa mashirika wanacho mfukoni kina njia yake: ndani kuna mabati membamba yanayobeba pini, na ile plastiki nyekundu ni nguo tu. Okapi ya Papa haina pete shingoni wala mabati ndani. Mbao tupu. Ndiyo maana bei yake ni ndogo, na ndiyo maana mkulima wa Komanda aliweza kukinunua.

Sasa jina. Hapa ndipo nilipokosa usingizi.

Miaka ya 1899 hadi 1901, Harry Johnston alikuwa mwakilishi mkuu wa Uingereza hapa Uganda. Mjerumani mmoja aliwachukua Wambuti kutoka msitu wa Ituri akawaonyeshe kwenye Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900. Johnston akawatoa mikononi mwake, wakakaa Uganda kwa muda, kisha akawarudisha kwao Kongo. Wakiwa kwake aliwauliza habari za mnyama wa msituni, nao wakamweleza: yuko kama punda, ana mistari miguuni. Tafadhali soma tena. Watu wa Ituri, wako Uganda, hawakuja kwa kupenda, na wanaulizwa maswali kuhusu kwao. Hata sisi hatukuwa wa kwanza.

Johnston alipata vipande vya ngozi, akavipeleka London. Mwanzoni mwa 1901 wataalamu wakamwita mnyama Equus johnstoni, wakidhani ni ndugu wa pundamilia. Ilipofika ngozi nzima pamoja na mafuvu, wakaona ni ndugu wa twiga, wakabadilisha: Okapia johnstoni. Neno la kwanza ni la watu wa msituni, la pili ni la bwana mkubwa.

Mwaka uliofuata, 1902, Wajerumani wakaanza kutengeneza kisu cha kukunja cha kuuza kwenye makoloni yao ya Afrika, ambayo wakati huo yalikuwa pamoja na Tanganyika, Rwanda na Urundi. Wakakiita Okapi. Kongo haikuwa koloni lao, ilikuwa mali ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Walichukua jina la mnyama wa kwetu, wakaliandika kwenye chuma, wakawauzia Waafrika. Makoloni yakawatoka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, lakini kisu kikaendelea. Mwaka 1988 kazi hiyo ilisimama Ujerumani, na sasa visu hivyo vinatengenezwa Afrika Kusini. Mnyama mwenyewe bado yuko Ituri, na hifadhi ya wanyama ya Epulu inaitwa kwa jina lake. Papa anasema hajawahi kumwona kwa macho, ila kwenye noti ya pesa.

Tulikitengeneza hivi. Tulifunga ufa kwa gundi na kamba, tukauacha siku mbili. Kisha nikakata ukanda kwenye kopo la mafuta ya msaada, nikauzungusha shingoni mwa mpini, nikatoboa, nikapitisha msumari mpya na kuugonga kichwa pande zote mbili. Pete ya namna hiyo watu wa pwani wanaiita noleo. Imeshika. Lakini nawaambia ukweli: kisu kilichopasuka mara moja kisisokotwe tena. Cha kukunja ni cha kukata. Kwa kupasua fito kuna panga.

Nina jambo moja kwa wafanyakazi wa mashirika. Siku moja kwenye foleni ya mgao, Papa alitoa kisu akate kamba ya gunia. Kra-kra-kra. Mama mmoja akapiga kelele, watu wakatawanyika, na kijana wa shirika akarudi nyuma mikono juu. Simlaumu hata mmoja. Sisi wa Ituri tumeona makali yamefanya nini, na yule mama ameona kuliko mimi. Papa aliinama, akakiweka chini, akaomba msamaha.

Tangu siku hiyo ana namna yake. Kabla ya kufungua anavuta pete kwanza, springi inainuka, bapa linatoka kimyakimya. Hufanya hivyo hata akiwa peke yake kibandani anamenya mihogo. Nilimuuliza, Papa, hapa unamficha nani? Akaniambia, "Siko namuficha mutu. Sipendi waogope."