Kazi za Huduma Zilizohamia Ng'ambo: Nani Alipata, Nani Alipoteza

Kunako mwaka wa 1983, shirika la ndege la American Airlines liliihamisha kazi moja kutoka mji wa Tulsa, katika jimbo la Oklahoma, Marekani, hadi kisiwa cha Barbados. Ilikuwa kazi ya kuingiza katika kompyuta habari zilizoandikwa juu ya tiketi zilizokwisha kutumiwa na wasafiri. Tiketi hizo zilipakiwa katika ndege za shirika lenyewe. Wanawake vijana wa Barbados wakazichapa, nazo habari zikarudi Marekani kwa njia ya setilaiti. Desturi ni kuianza historia ya kuhamishwa kwa kazi za huduma katika vituo vya simu vya India. Yafaa kuianza hapa, penye makarani wa Tulsa na wachapaji wa Barbados, kwa sababu hapa ndipo swali la faida na hasara lilipoonekana wazi kwanza.

Barbados ilichaguliwa kwa mishahara yake midogo, kwa amani yake, na kwa Kiingereza chake, kilichoingia kisiwani na walowezi wa Kiingereza katika karne ya 17. Lakini miaka michache baadaye kazi ya namna ileile ilifunguliwa katika Jamhuri ya Dominika, nchi ya Kihispania, kwa malipo madogo zaidi. Mchapaji hakuhitaji kuelewa alichokichapa. Vilitakiwa vidole vyepesi na macho yasiyochoka. Mwanaanthropolojia Carla Freeman, aliyewachunguza wanawake wa Barbados na kuchapisha kitabu juu yao mwaka wa 2000, alionyesha jinsi walivyovaa kama makarani wa ofisi kubwa huku kompyuta ikihesabu kila herufi waliyoigonga. Kwao heshima ya ofisi ilikuwa sehemu ya mshahara. Kisha mashine zikajifunza kusoma maandishi, na tarehe 1 Juni 2008 mashirika ya ndege ya dunia yakaachana na tiketi za karatasi. Aliyefaidika kwa hasara ya Tulsa alikuwa naye ameingia katika hesabu ya waliopoteza.

India iliingia kwa mlango mwingine. Mageuzi ya mwaka wa 1991 yalifungua uchumi wake. Mwaka wa 1996 British Airways ilihamishia Mumbai sehemu ya kazi zake za hesabu, na mwaka uliofuata tawi la fedha la General Electric likafungua kituo huko Gurgaon, karibu na Delhi. Kutoka hapo ilibaki hatua moja, nayo ikachukuliwa upesi: Mmarekani anayepiga simu kuuliza habari za deni lake ajibiwe kutoka India, ikiwezekana pasipo yeye kutambua.

Tofauti na Barbados ni kubwa, maana sasa lugha yenyewe ilikuwa bidhaa. Kijana aliyemaliza chuo kikuu alifundishwa kwa majuma kadhaa kuyaondoa matamshi ya kwao, kuitamka herufi r kwa namna ya Kimarekani, na kujua majina ya michezo na sikukuu za watu ambao hatawaona kamwe. Wengi walipewa jina la kazi, la Kizungu, la kutumia simuni. Usiku uligeuka mchana, kwani saa tatu asubuhi ya New York, wakati wa baridi, ni saa moja na nusu usiku ya Delhi. Ni rahisi kumwonea huruma kijana huyo, na wengine wamefanya hivyo kupita kiasi. Mshahara wa dola 200 hivi kwa mwezi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulikuwa mdogo machoni pa Mmarekani. Kwa vijana wengi, wake kwa waume, ulikuwa mshahara wa kwanza wa maisha, nao ulisaidia nyumba nzima. Mpotezaji wa India ni mwingine, ambaye hatajwi mara nyingi: ni yule aliyesoma shule ya kijijini kwa Kihindi, Kikannada au Kitelugu. Mlango ule ulifunguliwa kwa ufunguo mmoja tu, nao ulikuwa Kiingereza cha shule za kulipia.

Huko Marekani ubishi ulipamba moto. Mwaka wa 2002 kampuni ya utafiti ya Forrester ilitabiri kwamba kazi milioni 3.3 za huduma zingehamia nje kufikia mwaka wa 2015. Mwezi wa Februari 2004 N. Gregory Mankiw, mshauri mkuu wa uchumi wa Rais Bush, alieleza kwamba kununua huduma ng'ambo ni biashara kama biashara nyingine na kwamba hatimaye itainufaisha nchi. Hata viongozi wa chama chake walimshambulia. Waliomtetea walikuwa na hesabu mkononi. Kampuni ya McKinsey ilikuwa imeeleza mwaka wa 2003 kwamba kila dola 1 ya gharama iliyohamishiwa India huiletea Marekani faida ya senti 112 hadi 114, na India senti 33.

Hesabu hiyo yataka kusomwa polepole. Kwanza, tajiri ndiye aliyepata fungu kubwa. Pili, sehemu ya zile senti 112 ilitegemea dhana kwamba waliofukuzwa wangepata kazi nyingine, kama walivyopata watu 7 hivi kati ya 10 katika miaka ya nyuma. Mwenye hisa anayepokea faida na karani aliyefungiwa ofisi walijumlishwa katika mstari mmoja, kana kwamba wana mfuko mmoja. Mwaka huohuo wa 2004 Paul Samuelson, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1970 na aliyekuwa na umri wa miaka 89, aliandika kuwakumbusha wenzake kwamba hakuna nadharia inayothibitisha kuwa faida za washindi huzidi hasara za walioshindwa daima.

Tena ilikuwako sheria. Sheria ya biashara ya Marekani ya mwaka wa 1974 iliwapa wafanyakazi walioshindwa na bidhaa za kigeni haki ya kulipiwa mafunzo na posho ya muda. Lakini ililenga viwanda vya kutengeneza vitu. Waandishi wa programu za kompyuta walioomba msaada huo walikataliwa, kwa hoja kwamba programu si kitu cha kushikika kwa mkono. Neno moja la sheria liliwatenga na msaada waliokuwa na haja nao. Sheria haikurekebishwa hadi mwaka wa 2009, wakati kazi nyingi zilikuwa zimekwisha kuondoka. Mwaka wa 2022 mpango huo ulifungwa kwa waombaji wapya.

Kufikia mwaka wa 2011 hivi, Ufilipino, uliotawaliwa na Marekani tangu 1898 hadi 1946, ulikuwa umeipita India katika kazi za simu. Kwa upande wa Kifaransa, simu za Ufaransa zilielekezwa Moroko, Tunisia, Madagaska na Senegal, ambako kampuni ya PCCI ilifungua kituo chake Dakar mwaka wa 2002. Mkoloni wa zamani ndiye aliyechora njia za simu hizo. Msomaji wa Kongo atauliza kwa nini nchi yake, yenye wasomi wa Kifaransa kwa maelfu, haimo katika orodha. Jibu moja li wazi: waya wa kwanza wa baharini uliiunganisha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huko Muanda, mwaka wa 2013. Lugha bila waya, na bila umeme wa kuaminika, haikuuzika.

Kenya ilipata nyaya zake mwaka wa 2009, na hapo Kiswahili chenyewe kinaingia katika historia hii. Jijini Nairobi, kampuni ya Sama iliajiri vijana wa nchi mbalimbali za Afrika kuchuja picha na maneno yaliyopelekwa Facebook. Mashine haikujua tusi la Kiswahili, wala uchochezi wa Kiamhari au Kisomali; alitakiwa mtu aliyenyonya lugha hiyo kwa mama yake, akae akitazama mauaji na udhalilishaji ili wengine wasiyaone. Mwaka wa 2022 iliripotiwa kwamba baadhi yao walipokea dola 1.50 kwa saa. Mwaka huohuo Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyekuwa mmoja wao, alifungua mashtaka. Wenzake zaidi ya 180 wakafuata mwaka wa 2023, kampuni ilipoiacha kazi hiyo nao wakaachishwa. Madaktari walitambua kwa zaidi ya 140 kati yao maradhi ya akili yatokanayo na mshtuko. Mwezi wa Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba Meta, mwenye Facebook, aweza kushtakiwa nchini Kenya, ijapokuwa hakuwaajiri kwa jina lake. Kesi ilikuwa bado mahakamani iliporipotiwa, mwaka wa 2025, kwamba kazi ya namna ileile inafanyika Accra, nchini Ghana, chini ya mwajiri mwingine.