Babu Alisema Kahawia

Babu yangu mzaa baba alikuwa kibarua katika uwanja wa ndege wa Eastleigh, Nairobi, wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Jeshi la Anga la Uingereza, RAF, lilifungua kituo pale mwaka 1940, na babu, kijana asiyeota ndevu bado, alisukuma mapipa ya petroli mpaka viganja vikafanya sugu.

Kila aliposimulia, jambo moja lilitugombanisha. Babu alisema malori na matrela ya uwanjani yalikuwa ya kahawia. "Kahawia kama udongo ulionyeshewa." Mimi nilishaona sinema za vita, ningekubali vipi? "Babu, gari la jeshi ni kijani!" Naye hucheka: "Haya, wewe uliyekuwepo." Alifariki nikiwa Kidato cha Pili, ubishi haujaisha.

Nilipomaliza shule, karo ya chuo haikupatikana, basi nikaenda kumsaidia mjomba, fundi wa rangi za magari. Mchana napiga msasa, usiku naandika riwaya yangu inayoanzia Eastleigh mwaka 1943. Katika sura ya kwanza lori la petroli linaingia uwanjani. Nililiandika kijani, bila hata kufikiri.

Siku moja mteja mmoja, mpenda vitu vya kale, akaleta trela kuukuu alilolinunua kwa wauza vyuma chakavu. Juu lilikuwa njano iliyochakaa. Kwenye kibati chake kulikuwa na herufi A.M. na taji juu yake, alama ya Wizara ya Anga ya Uingereza. Mteja alitaka lirudishiwe "rangi yake ya asili", akatoa picha iliyokatwa gazetini: kijani.

Mjomba hakukimbilia kuchuna. Alitafuta mahali ambapo jua halijafika, nyuma ya kibati kile, maana jua hula rangi na mvua huipausha. Akachukua msasa laini, akauloweka maji, akasugua taratibu kwa mzunguko, katikati zaidi, pembeni kidogo. Msasa ulilowekwa kwa sababu nyingine pia: rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Usikwangue kavukavu ukalivuta puani.

Pete zikatokea, moja ndani ya nyingine, kama za gogo lililokatwa. Njano. Chini yake buluu ya kijivujivu. Chini yake kijani cha zeituni. Halafu kahawia. Mwisho rangi nyekundu ya msingi, kisha chuma.

Nilisimama na ndoo mkononi. Kahawia kama udongo ulionyeshewa.

Nilianza kusoma kila nilichopata, na kumbe mambo yalikuwa hivi. Mwanzoni mwa vita Waingereza walipaka magari yao ya jeshi rangi ya khaki yenye ukijani. Kijani hicho kilihitaji madini ya kromi, nayo yakawa adimu. Mwaka 1942 ikaamriwa kahawia iliyoitwa SCC 2. Mwaka 1944, karibu na kuvamiwa kwa Normandy, wakageukia SCC 15, kijani cha zeituni kinachokaribiana na cha Wamarekani, ili magari ya washirika yafanane. Magari mengi ya RAF yalifuata rangi hizo. Vita vilipokwisha, RAF wakarudia buluu yao ya kijivu. Kwa hiyo sinema zangu hazikusema uongo mtupu. Zilikuwa zinasimulia mwaka mwingine.

Hapo ndipo penye mtego wa kazi hii. Anayetengeneza vifaa vya kale vya uwanja wa ndege huuliza, "Rangi yake halisi ni ipi?" Swali halijakamilika. Halisi ya mwaka gani? Wengine huchukua namba kitabuni wakaridhika. Orodha maarufu ya Marekani, Federal Standard 595, ilitolewa mwaka 1956, miaka 11 baada ya vita. Namba yake ya kwanza hueleza mng'ao: 1 inang'aa, 2 inang'aa kiasi, 3 haing'ai kabisa. Ni msaada mzuri, ila huwezi kuapa kwamba namba ya 1956 ndiyo iliyokuwa ndani ya kopo la 1943. Picha za nyeusi na nyeupe nazo hazikuambii kitu: kahawia na kijani vyote hutoka kijivu.

Mjomba alisugua ile pete ya kahawia mpaka ngozi iliyopauka ikatoka, akachanganya rangi mara nne. Kila mara alipaka kibati, akangoja kikauke, kwa kuwa rangi mbichi hudanganya, kisha akakishika karibu na pete, nje, kivulini. Chini ya taa rangi mbili huweza kufanana kama pacha, mkitoka nje zikakanana. Mara ya nne hatukuona mpaka.

Mteja alikuja, akaangalia, akakunja uso. "Hii si ya jeshi." Nilimweleza habari za kromi, za 1942, hata za babu. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema yeye ndiye anayelipa. Mjomba alinitazama, jicho la kuniambia ninyamaze. Kodi ya gereji ilikuwa imechelewa.

Tukapaka kijani. Nami sitasema tumeharibu, maana kijani kilikuwemo kweli, ukurasa wa tatu kutoka juu. Ila nilimwomba mjomba kitu kimoja, akakubali: ile sehemu nyuma ya kibati, upana wa kiganja, hatukuigusa. Tuliifunika kwa karatasi wakati wa kupuliza rangi, kisha tukarudishia kibati. Atakayekifungua siku moja atazikuta pete zote.

Usiku ule nilifungua daftari, nikafuta neno kijani katika sura ya kwanza. Wenzangu mnaoandika habari za kale, mkiwa na mzee nyumbani, msimbishie kwa sinema. Muulizeni, "Mwaka gani, babu?" Mimi sikuuliza, na sasa jibu nimelipata kwenye chuma.