Damu kidogo: chenye kuongeza damu na chenye kuwa chekundu tu

Hapa Kasenga, mtu akisikia kizunguzungu, miguu ikilegea, moyo ukipiga mbio wakati anatoka mtoni na bidoni ya maji ku kichwa, jirani hatakawia kumwambia: damu yako imepunguka. Mara nyingi hakosei. Waganga wanaita ugonjwa huo anemi. Matata inaanza ku dawa, sababu kila nyumba iko na yake: tomate ya kopo iliyokorogwa ndani ya sukre nyekundu, maji ya matembele, bitiravi, siro ya farmasi, sindano. Zingine zinasaidia, zingine zinamaliza tu franka, na kuna zenye kuweza kuua mutoto.

Ndani ya damu muko kitu kinachoitwa hemoglobini, ndicho kinabeba hewa kuipeleka mwilini mote. Mwili unakitengeneza kwa madini ya chuma. Ku labo, kipimo ni kudunga kidole tu. Mwanaume anapaswa kuwa na gramu 13 kwa desilita moja, mwanamke 12, mama mwenye mimba 11. Chini ya 7 kwa mama mwenye mimba ao mutoto mudogo, hiyo si mambo ya chakula tena, ni hospitali.

Tuanze na tomate, sababu ndiyo inapendwa zaidi. Watu wanasema: ni nyekundu, basi ni damu. Rangi haina kazi hapa. Chuma ya tomate ni kidogo, na ile sukre ni maji, sukari na rangi. Bei ya chupa moja ingetosha kununua fungu la lengalenga. Matembele, lengalenga na sombe ziko na chuma kweli, ni vile tu mwili unachukua kidogo kutoka ku majani. Kwa hiyo, kula majani yenyewe, usitupe majani na kunywa maji yake peke yake. Kamulia ndimu juu, ao kula pera ao chungwa pamoja na chakula: vitamini C inafungulia chuma njia.

Chuma yenye kuingia haraka ni ya nyama, maini na samaki. Na hapo, wakaaji wa Luapula, tuko na bahati ambayo hatuitumii vizuri. Tangu wakati wa Wagiriki waliokuwa wanafanya biashara ya samaki hapa Kasenga kwa kulisha wafanyakazi wa Union Minière, samaki mzuri anapanda barabara ya Lubumbashi, na ku sahani ya nyumbani kunabakia mchuzi. Baba anapata kipande, watoto wanapata harufu. Nasema wazi: mama mwenye mimba na mutoto aliyetoka ku ziwa ndio wanapaswa kupewa kwanza. Haiombi samaki mkubwa. Ndakala iliyokaushwa inaliwa nzima, kichwa na mifupa ndani. Ukiitwanga ikawa unga, kijiko kimoja kinaingia vizuri ndani ya uji wa mutoto.

Kuna vitu viwili vinavyozuia chuma, na vyote viwili tunavipenda. Cha kwanza ni chai, kahawa vilevile. Usiache, lakini ngojea saa moja hivi kisha kula. Cha pili ni pemba, ule udongo mweupe ambao mama wenye mimba wanatafuna. Tamaa ya udongo yenyewe inaweza kuwa alama ya damu kidogo, na udongo nao unashika chuma ndani ya tumbo. Basi mama anazunguka palepale: damu inapunguka, anatamani pemba, anakula, damu inapunguka tena.

Lakini chakula peke yake hakitatosha kama damu inaendelea kupotea. Malaria inavunja damu, na hapa kwetu ndiyo inayolaza watoto wengi kwa anemi ya ghafla. Minyoo ya tumbo inanyonya. Bilharzia, ile ya kukojoa damu, inapatikana ku maji tunamooga na kufulia. Na wakati wa mvua mambo yanagongana: ng'ambo ya Zambia uvuvi unafungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, samaki anakuwa ghali, na mbu ndiyo zinazidi. Afazali kuweka akiba ya ndakala na maharagwe mapema, na kulala ndani ya moskitere kila usiku. Dawa ya minyoo inatolewa ku kituo cha afya.

Sasa siro. Mutoto anakuwa na homa, macho meupe, mama anakimbia farmasi kuuliza siro ya damu. Hapana. Kuna jambo lililotokea ku kisiwa cha Pemba, kule Zanzibar (si ile pemba ya kula). Watafiti waliwapa watoto wadogo chuma kila siku bila kuwapima kwanza, mahali malaria ilikuwa nyingi. Mwaka 2003 walisimamisha, sababu watoto waliopewa chuma walilazwa na kufa zaidi kuliko wengine. Matokeo yalitangazwa mwaka 2006. Lakini kikundi cha watoto waliopimwa na kufuatiliwa karibu, wale wenye kukosa chuma kweli walipata faida. Kwa hiyo: homa kwanza ipimwe malaria, itibiwe, ndipo muganga aamue siro.

Kwa mama mwenye mimba ni tofauti. Yeye anapewa vidonge ku CPN: chuma miligramu 30 hadi 60 na asidi foliki miligramu 0.4 kila siku. Wengi wanaacha kisha juma moja, sababu choo kinakuwa cheusi, ao tumbo linafunga, ao wanasikia kichefuchefu. Choo cheusi hakina hatari, ni ile chuma inayopita. Kama kichefuchefu kinasumbua, meza kidonge usiku ukienda kulala, na maji, si chai. Vidonge viwekwe juu sana: mutoto akivimeza vingi kama bonbon, anaweza kufa.

Wenye SS nao wasimeze chuma kwa kujiamulia. Damu yao inapunguka sababu inavunjika yenyewe, si kwa kukosa chuma, na chuma ikizidi inaharibu maini na moyo.

Mutoto akipumua mbio, viganja vikiwa vyeupe kabisa, akikataa kunyonya ao akilegea, usianze kutwanga majani. Mpeleke ku Hospitali kuu ya Kasenga ao kituo kilicho karibu, hata usiku. Akihitaji kuongezewa damu, uliza bila haya kama imepimwa ukimwi, hepatiti B na C, na kaswende. Ndugu wawili watatu waende naye pale, sababu huenda mmoja wao ndiye atatoa damu.