Ng'ombe wa Nakala na Mbung'o wa Kilombero

Asafiriye kutoka Ifakara kwenda Mahenge huvuka mto Kilombero, na baada ya mwendo usio mrefu hufika Lupiro, mahali ambapo njia ya Malinyi huachana na njia ya Mahenge. Huona mashamba ya mpunga pande zote, na zama hizi huona pia kitu ambacho babu za wenyeji hawakukizoea, yaani makundi makubwa ya ng'ombe. Wapogoro na Wandamba wa kale walijua jembe, mtumbwi na wavu. Ng'ombe hakuwa na nafasi kubwa katika maisha yao, wala haikuwa kwa uvivu au kwa ujinga. Bonde lilikuwa na bawabu wake, na bawabu huyo alikuwa mbung'o.

Mwaka 1895 David Bruce, tabibu wa jeshi la Uingereza, aliona katika nchi ya Wazulu kwamba maradhi ya ng'ombe yaitwayo nagana yaletwa na kijidudu kiogeleacho katika damu, na kwamba mbung'o ndiye mchukuzi wake. Wafugaji wetu wengi huyaita maradhi hayo ndorobo. Mnyama hukonda, damu yake hupungua, manyoya husimama, mimba hutoka, na mwisho hufa. Binadamu akipatwa na jamaa ya kijidudu hicho huugua malale. Waingereza walipoitawala Tanganyika walifyeka vichaka, waliua wanyama wa mwitu, na mahali pengine waliwahamisha watu na kuwakusanya pamoja ili kumkimbia mdudu asiyefikia ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.

Ifakara ilipata sehemu yake katika elimu hiyo. Rudolf Geigy, mwanachuoni wa Basel, alifika huko mwaka 1949, na mwaka 1957 maabara ndogo ya Waswisi ilianzishwa, ikachunguza malale, homa ya papasi na maradhi mengine ya bonde. Kutoka mbegu hiyo imeota Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Lupiro yenyewe imepata jina katika vitabu vya wataalamu kwa ajili ya mbu wake, sifa ambayo sidhani kama kijiji chochote kingeiomba.

Lakini habari ninayotaka kuieleza ilitokea Nairobi. Huko, mwaka 1973, iliundwa maabara ya mataifa kwa ajili ya maradhi mawili ya ng'ombe, ndigana na nagana. Leo imo ndani ya taasisi ya utafiti wa mifugo ijulikanayo kwa jina la ILRI. Wataalamu wake walijua kwamba ng'ombe wadogo wa Afrika ya Magharibi, waitwao N'Dama, huishi na nagana bila ya kuangamia. Walijua pia kwamba damu ya nyani huua vijidudu hivyo, na Jayne Raper wa New York alikuwa miongoni mwa waliochunguza sababu yake. Likazaliwa wazo la kuichukua jeni ya nyani ifanyayo kazi hiyo na kuitia katika chembe ya ng'ombe wa Boran, kisha kumfanya ng'ombe mzima kutokana na chembe hiyo moja. Sharti la kwanza lilikuwa kujua kama Boran aweza kufanywa hivyo. Katika mwaka 1916 jambo hili lingeitwa uchawi. Katika mwaka 2016 lilichapishwa katika jarida la wataalamu. Ndama dume, asiye na jeni ya nyani bado, nakala ya chembe iliyohifadhiwa maabarani, alikuwa amezaliwa na kukua akiwa mzima. Aliitwa Tumaini.

Jina ni zuri. Kwa nini, basi, alihitaji kuitwa hivyo? Kwa sababu njia aliyopitia imejaa makaburi. Dolly, kondoo wa kwanza kufanywa nakala kutokana na chembe ya mnyama mzima, alizaliwa Roslin, Uskoti, tarehe 5 Julai 1996. Mayai yaliyoundwa yalikuwa 277. Mimba changa zilizofaa kupandikizwa zilikuwa 29. Mwana-kondoo alikuwa mmoja. Kwa ng'ombe ilionekana tena na tena kwamba mimba nyingi za nakala hutoka. Zinazosalia huweza kuwa na kondo la nyuma lililovimba, maji hujaa kupita kiasi tumboni mwa mama, na ndama huwa mkubwa mno kuliko njia ya kutokea. Wengine huzaliwa na mapafu yasiyo tayari kwa hewa na kitovu kinene, wakafa kabla ya kuonja maziwa mengi.

Ajabu ni kwamba maandishi ya urithi ya wanyama hao hayana kosa. Msomaji afikiri kitabu kimoja kilichomo katika kila chembe ya mwili. Katika chembe ya ngozi kurasa za moyo na za ini zimetiwa lakiri zisifunguliwe; katika chembe ya ini, za ngozi zimefungwa. Elimu ya lakiri hizo huitwa epijenetiki, neno lililobuniwa na Waddington mwaka 1942. Kiini cha chembe ya ngozi kikitiwa katika yai lililotolewa kiini chake, yai hutakiwa kuzibandua lakiri za ngozi kwa muda mfupi sana. Mara nyingi huacha baadhi. Mara nyingine hubandua zile zisizostahili kuguswa, zilizowekwa na baba au na mama ili ukurasa wa mmoja wao tu usomwe. Mwaka 2001 watu wa Roslin walionyesha kwamba wana-kondoo waliokua kupita kiasi, waliotoka katika mimba zilizolelewa kwanza maabarani, walikuwa wamepoteza lakiri ya namna hiyo katika jeni moja izuiayo ukuaji.

Yapasa kusema haki pia. Dolly alikufa mwaka 2003 akiwa na miaka 6, na watu wakapiga kelele kwamba alizeeka kabla ya wakati. Lakini aliuawa na uvimbe wa mapafu uletwao na virusi, na mifupa yake ilipochunguzwa tena, habari zikatolewa mwaka 2017, haikuonekana kuwa na ugonjwa wa viungo usio wa kawaida. Nakala nyingine, za chembe zile zile, zilikutwa na afya njema zikiwa na miaka 7 hadi 9. Tena watoto wa wanyama wa nakala wazaliwao kwa njia ya kawaida hawarithi taabu hizo, maana lakiri hupangwa upya mbegu ya uzazi inapoundwa. Taabu yote huwaangukia wale wa kwanza, na ng'ombe majike walioazimwa matumbo yao. Mimi siwezi kukubaliana na wanaowaita wanyama hawa mazimwi. Wala siwapendi wanaomhesabu Tumaini peke yake na kuwasahau majike hao.

Nilipomsimulia mzee mmoja wa Kisukuma pale Lupiro, alinisikiliza akiegemea fimbo yake. Jamaa zake ni miongoni mwa wafugaji walioanza kushuka bondeni katika miaka ya 1980, pamoja na Wamasai na Wabarbaig. Bonde liliingizwa mwaka 2002 katika ardhi oevu zinazohifadhiwa kwa mkataba wa Ramsar. Mwaka 2012 serikali iliwatoa wafugaji na mifugo kwa nguvu. Na sheshe, swala wa nyanda hizi, waliokuwa maelfu kwa maelfu, wamebaki wachache wa kutafutwa.

"Mwanangu," alisema, "mimi nanunua dawa ya sindano kila msimu, na siku hizi dawa hainisikii. Ng'ombe huyo angenifaa. Lakini ndorobo akishindwa, wenye ng'ombe wa nchi nzima watakuja hapa. Majani atakula ya nani?"

Nilimwambia, "Mzee, hilo halikuulizwa Nairobi." Akacheka, akawageuza ng'ombe wake kuelekea mtoni.